Milango ya Kamyo ya Kasongo

Stanleyville, mtaa wa Kabondo

3 Septemba 1957

Naanza kuandika kwa sababu nimechoka kubishana na ukuta. Nipo edani tangu Ramazani wangu alipofariki mwezi wa saba, na mjane kwetu hatoki uani mpaka miezi minne na siku kumi iishe. Sigombani na hilo. Ni haki ya marehemu, na nilimpenda. Nagombana na watu wanaodhani aliye ndani ya ua hana masikio wala akili.

Asubuhi shemeji yangu Asumani, mdogo wake marehemu, alikaa barazani akasema nami kupitia pazia. Kile kibanda cha barabarani, ambako Ramazani alikuwa akiandika majina kwenye makamyo, anataka kumpa Hubert, fundi wa rangi, peintre kama wanavyosema, wa mtaa wa Mangobo. Mimi nikitoka edani nirudi kwa kaka yangu Ponthierville.

"Shemeji, mwanamuke hawezi kupanda ngazi kwa barabara, batu bote banamuangalia," alisema. "Jina ya kaka yangu itachekwa."

Nikamuuliza ni nani aliyekuwa akiandika pleti za namba za makamyo na baiskeli miaka yote hii, humu humu uani. Akasema pleti ni pleti.

Kabla hajaondoka, akaingia Papa Kasongo, mfanyabiashara wa Maniema anayepeleka chumvi na samaki wa chumvi Bafwasende na kurudi na mchele. Amenunua kamyo yake ya kwanza, na Ramazani alikuwa amemwahidi kuiandika.

"Mama, nilikuya kusema pole. Na kusema kama kazi nitapeleka sasa kwa Hubert."

Sijui neno lilitoka wapi. Nikamwambia, "Papa Kasongo, kamyo yako haiwezi kuingia hapa, na mi siwezi kutoka. Lakini milango inashikwa na visi, skrubu tu. Ufungue visi, uniletee milango."

Alicheka sana, kisha akaacha kucheka. "Ramazani alinambia kama pleti zote ni mukono yako," akasema. "Bon. Nitaleta."

Asumani alikasirika, lakini hakuweza kumkatalia mtu mzima mbele ya pazia. Akatoa sharti lake: siku nitakayotoka edani, Papa Kasongo akisema kazi ni nzuri, kibanda ni changu. Akisema ni mbaya, Hubert anaingia. Nimekubali, tena kwa sauti ili na jirani asikie.

5 Septemba

Mvua.

10 Septemba

Milango imefika, imebebwa vichwani. Aliyeileta ni Célestin, dereva wa Kasongo, kijana mwenye maneno. Anasema kwa sasa anaendesha bila milango na mvua inamwosha bure. Jirani yangu Nyota, ambaye ndiye macho yangu ya nje, aliwafungulia, nao wakaiegemeza chini ya paa la jiko.

Kamyo ni Chevrolet ya wakati wa vita. Kasongo aliipata kwa Mzungu mmoja mwenye shamba la kahawa. Wamepaka rangi ya kijani juu ya jina la shamba, lakini ukiweka uso karibu na bati unaliona jina lile bado limevimba chini. Nikiandika juu yake, mwakani jua litalitoa na Kasongo atatembea na majina mawili. Lazima nikwangue mpaka bati.

11 Septemba

Nimekwangua. Mabega yanauma.

12 Septemba

Nimekwangua. Nyota, ambaye huniita yaya, dada mkubwa, ameniletea lituma ya ndizi na pondu ya majani ya muhogo, akaniambia nanukia. "Bajane bengine banakatazwa marashi. Weye yaya, unajipaka terebentini."

14 Septemba

Kijani kipya kimeshika vizuri. Leo nimechora herufi kwa chokaa.

Baba yangu alikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani, na mkono wangu ulifunzwa kwa kalamu ya tete: ukiilaza, mstari unanenepa, ukiisimamisha kwa ncha, unakonda. Herufi za Kizungu nilionyeshwa na Ramazani baada ya kuolewa, na mpaka leo naziona kwanza kama miili ndipo nazisoma.

Jina KASONGO lina uzuri wake na matata yake. O mbili na G ni duara, na duara ukiipa kimo kile kile cha K, jicho linaiona fupi. Inabidi ivuke mstari kidogo juu na chini. S imeangukia juu ya mkunjo wa bati, kwa hiyo tumbo lake nimelisogeza ili likae bondeni. Nafasi kati ya herufi sikupima kwa rula. Ramazani alinifundisha kufumba macho nusu na kutazama utupu uliobaki katikati, na nimefumba macho mpaka Nyota akadhani nalia.

Labda nililia kidogo.

17 Septemba

Mvua. Rangi haikauki.

18 Septemba

Mvua.

20 Septemba

Kasongo ametuma habari kwamba hataki jina tupu, anataka na mnyama. Simba wako wengi, tembo wako wengi. Yeye anataka okapi, kwa sababu kamyo yake ni ya msitu wa Bafwasende. Sijawahi kuona okapi. Wanasema yuko mmoja kwenye bustani ya wanyama, lakini siwezi kwenda, na yeye hawezi kuja.

Basi nimemwita Célestin, ambaye alizaliwa Bafwasende. Alikaa upande wake wa pazia, mimi wangu. Nilichora kwa mkaa, nikapitisha karatasi chini ya pazia, naye akairudisha na masahihisho.

"Hapana, mama. Hii ni punda."

Nikachora tena.

"Hii ni twiga mugonjwa. Shingo punguza. Masikio kubwa kama ya… kubwa. Na matako, mama, matako kubwa zaidi."

"Umesema."

"Na mistari nyeupe iko hapa kwa matako na kwa miguu tu. Juu yote iko nyeusi-nyekundu, inangaa kama alijipaka mafuta."

Nyota alikuwa anakata pondu huku machozi ya kicheko yakimtoka. Mjane yuko edani na anajadiliana na mwanamume juu ya matako, anasema, mtaa mzima utapata cha kula jioni. Karatasi ya sita Célestin aliirudisha bila sahihisho. Kisha akasema, "Sasa ni yeye," na sauti yake haikuwa na mzaha.

22 Septemba

Nimeamka na wazo. Kama okapi amevaa mistari miguuni, herufi nazo zivae. Nusu ya juu ya kila herufi iwe na ile rangi yake, kahawia inayokaribia weusi, na chini, kuanzia gotini, mistari myeupe iliyolala, inayonenepa na kukonda kama ya kalamu ya tete. Kwenye K mistari inafuata mguu wa mbele. Kwenye N inashuka miguu yote miwili. Kwenye O inapinda na tumbo.

Sijaona kamyo yenye maandishi ya namna hii mjini hapa. Nimefurahi mpaka nikaogopa.

25 Septemba

Mlango wa dereva, yaani wa kushoto, herufi tayari.

27 Septemba

Mlango wa pili tayari. Asumani alisimama barazani, akaomba nimtolee mmoja auone. Nyota aliutoa. Asumani aliutazama, akauliza kama mistari ile haitawachosha watu macho. Nimemfahamu Asumani tangu hajaota ndevu. Akikosa kosa huwa anatafuta swali.

29 Septemba

Leo nimemaliza wanyama. Karatasi ya Célestin niliitoboa vitundu kwa sindano kufuata mchoro, nikaiweka kwenye bati, nikapigapiga na kitambaa chenye unga wa mkaa, alama zikabaki. Kisha mlango wa pili, karatasi ile ile. Okapi wawili sawa kabisa, kwato kwa kwato. Wameegemea ukutani bega kwa bega wakitazama upande mmoja, kama wanakwenda kunywa maji pamoja. Nimekaa mbele yao na chai yangu mpaka ikapoa.

3 Oktoba

Milango imerudi kwenye kamyo. Nyota alikimbia kwenda kuona na akarudi akihema: watu wamejaa, Kasongo anazunguka kamyo mikono nyuma kama bwana harusi. Kesho anaondoka kwenda Bafwasende.

7 Oktoba

Maulidi. Nimesikiliza dufu kupitia ua. Sikuweza kwenda, na Ramazani hakuwepo kunisimulia.

8 Oktoba

Mtu alikohoa nje ya ua, mchana. Nikauliza nani.

"Mama, mi naitwa Hubert. Peintre wa Mangobo."

Moyo wangu ulifunga mlango. Nilidhani amekuja kupima kibanda.

"Niliona kamyo ya Papa Kasongo kwa soko mbele hajaenda safari," akasema. "Herufi iko muzuri. Ile mistari kwa miguu, mi sikuwazaka vile. Nilitaka nikuambie mwenyewe."

Nikashukuru, kwa ubaridi.

"Lakini, mama, munyama wa upande wa kuume. Iko anaenda nyuma."

Nikamuuliza kama ametumwa na Asumani. Akasema hapana. Akasema kama kosa lingekuwa lake angependa aambiwe na mtu wa kazi, si na watu wa soko. Kisha akaenda zake.

Nilimtukana kimoyomoyo kwa muda mrefu. Baadaye nikachukua nyungo mbili, nikachora okapi kwa chokaa kwenye kila moja, wote wakitazama upande ule ule. Nikamwambia Nyota asimame, nikambandika ungo mmoja ubavu wa kushoto na mwingine ubavu wa kulia, nikamwambia atembee. Nikamtazama kutoka kushoto: mnyama anatangulia naye. Nikazunguka kulia: Nyota anakwenda mbele, mnyama anarudi alikotoka.

Karatasi ya mlango wa pili ilitakiwa kugeuzwa. Ramazani asingekosea, maana yeye alikuwa akichora kamyo ikiwa imesimama kwa magurudumu yake na pua yake anaiona. Mimi miaka yote nimeandika pleti uani. Pleti haina mbele wala nyuma.

"Yaya, nani ataona?" Nyota akaniuliza, bado na nyungo ubavuni.

Hubert ameona. Nami nimeona, na siwezi kutoka nje kuirekebisha, na kamyo iko njiani.

12 Oktoba

Mvua kubwa. Hakuna habari.

15 Oktoba

Mvua. Wanasema barye za mvua, vile vizuizi vya njiani, zimefungwa barabara yote, makamyo hayaruhusiwi kupita mpaka udongo ukauke.

19 Oktoba

Mvua. Nimeandika pleti mbili za baiskeli. Nimekosea moja, jambo ambalo halijanipata tangu nilipokuwa najifunza.

26 Oktoba

Célestin amerudi, kwa miguu na kwa kamyo za watu. Alikaa barazani akiwa na matope mpaka magotini, nami nikamsikia akipumua kabla hajasema.

Kamyo imeanguka mtaroni baada ya kupita Bafwaboli. Barye ilifunguliwa asubuhi, akapita, kwenye mteremko gurudumu la kushoto likateleza na kamyo ikalala ubavu wa kushoto. Hakuna aliyeumia. Lakini abiria waliposhuka walimwona yule mnyama wa kulia, kichwa chake kinaangalia nyuma, na mmoja akasema huyu ndiye ametuvuta. Basi ikawa ndiyo habari. Kila kijiji alichopita akija huku, habari ilikuwa imefika kabla yake.

"Na weye unasema nini?" nikamuuliza.

"Mi nasema ni matope, mama. Gurudumu iko imekwisha, nilimuambia Papa mbele ya safari." Akakwangua tope gotini. "Lakini ulikosea ule munyama."

"Ndiyo. Nilikosea."

Ni mara ya kwanza nimelisema kwa mtu mwingine, na nilishangaa kuona paa halikuanguka.

Asumani alikuja saa hiyo hiyo, ameshasikia. Nilijiandaa kwa kelele, lakini alisema polepole, na hilo lilinikata zaidi. Alisema sokoni wamemuuliza kama mjane wa kaka yake anaroga makamyo. Wamemuuliza yeye, mbele ya watu. "Kaka yangu alitumika kazi miaka yote, hakuna mutu alitaja jina yake mubaya. Sasa weye umo ndani, na jina yake iko inatembea."

Miaka yote nimemwona Asumani kama mtu wa tamaa. Leo nimesikia kwamba anaogopa tu. Anaogopa midomo ya watu kuliko anavyotaka kibanda. Hilo halinisaidii, maana mwoga naye anaweza kukufukuza. Lakini sikuweza kumchukia kama jana.

Nikamwambia: "Matope si yangu. Munyama ni yangu. Nitamugeuza."

"Kwa ruhusa ya nani? Papa Kasongo hawezi tena kufungua milango. Imeisha, shemeji. Ukitoka, utaenda Ponthierville. Nitakusindikiza mwenyewe."

Siendi Ponthierville.

27 Oktoba

Siendi.

4 Novemba

Mvua. Nimechora okapi aliyegeuzwa kwenye karatasi mpya, ingawa ya zamani inatosha kuigeuza. Nilitaka mkono wangu umzoee akitazama huku.

9 Novemba

Nyota anasema kamyo imetolewa mtaroni, mlango umekwaruzika kidogo tu.

16 Novemba

Leo nimepata nilichokuwa naomba, na kimenikaa vibaya.

Papa Kasongo alikuja akicheka tangu njiani. Kumbe Bafwasende habari imegeuka. Kamyo ilianguka na hakuna aliyekufa, hata debe la mafuta halikumwagika, basi sasa wanasema okapi mmoja anapeleka watu na mwingine anawarudisha nyumbani. Kamyo wameipa jina, Kwenda-Rudi. Wauza mchele wanaiacha kamyo ya Mgiriki mmoja na kuisubiri yake. Anataka kununua kamyo ya pili, na anataka niiandike vile vile, mmoja mbele, mmoja nyuma.

"Mama, kazi yako iko ya akili sana," akasema.

Asumani alikuwepo. Nilisikia kiti chake kikilia alivyojinyoosha. "Papa Kasongo amesema," akatangaza. "Kazi ni nzuri. Sharti ni sharti." Alikuwa amefurahi kweli kweli, mtu aliyetuliwa mzigo, nami nikasikia huruma.

Ilitakiwa nishukuru ninyamaze. Nikasema tu, "Siku nitatoka, Papa, ulete ile ya kwanza kwa kibanda. Nataka niione kwa macho."

20 Novemba

Mvua kidogo. Nafikiri.

23 Novemba

Nimefikiri. Nikiiacha, kila mtu atasema mwanamke alikosea na bahati ikamwokoa, na kila kamyo nitakayoandika wataniomba nikosee tena. Sitaki kuokolewa na bahati. Nataka mtu akitazama mlango ajue kwamba kila mstari uliopo nilikusudia uwepo.

1 Desemba

Jana eda iliisha. Nimeoga, nimeswali, nimemwombea Ramazani, na leo nimetoka. Mwangaza wa barabara ulinipiga usoni mpaka nikamshika Nyota mkono.

Kamyo ilikuwa mbele ya kibanda. Ni mara yangu ya kwanza kuona kazi yangu ikiwa na magurudumu chini yake. Upande wa dereva nilisimama na nikajivunia, naandika hivyo bila haya. Herufi zimesimama kwa miguu yake yenye mistari na zinasomeka kutoka ng'ambo ya barabara. Kisha nikazunguka. Kasongo, Asumani na Célestin wakanifuata, na watu waliokuwa wanatoka misa wakaanza kusimama.

"Papa Kasongo," nikasema, "kabla ya kamyo ya pili, uache nitengeneze hii."

"Kutengeneza nini?"

"Munyama anaangalia nyuma. Ni kosa yangu."

"Mama, ile kosa ndiyo batu banapenda. Uache vile."

Asumani akaja karibu na sikio langu. "Shemeji, unyamaze. Kibanda ni yako sasa. Yeye mwenyewe amesema kazi ni nzuri."

"Amesema. Lakini mi najua si nzuri."

Kasongo alianza kukasirika, na sikumlaumu, ni kamyo yake. "Ukifuta, ile ya pili napeleka kwa Hubert."

Nilikitazama kibanda, na ngazi ya Ramazani ndani yake, na nikajua naweza kukipoteza hapo hapo.

"Peleka," nikasema. "Hubert ataifanya vizuri. Lakini hii nimeandika mi, na sitaki ibaki vile."

Célestin akajikuna kichwa. "Papa, mi ndiyo naendesha. Batu banacheka, bon. Lakini banacheka kazi ya mama, na yeye anajua kazi. Uache afute."

Kasongo alimtazama dereva wake, akanitazama mimi, akautazama mlango. "Alors, futa," akasema. "Lakini kamyo inalala hapa mpaka iishe, na safari yangu inachelewa. Kuhusu ile ya pili, tutaona." Akaondoka bila kuaga.

Nikachukua kisu cha kukwangulia. Kahawia ilitoka ngumu, vumbi lake likanijaa mikononi. Asumani alisimama muda mfupi, kisha naye akaondoka. Nilipomaliza kijani kipya jua lilikuwa limeshuka na watu wameshachoka kutazama.

2 Desemba

Kijani kinakauka. Asumani hajanisemesha.

3 Desemba

Nilipofika, kibanda kilikuwa wazi na ngazi imeshawekwa. Asumani alikuwa amekaa kwenye kiti cha kaka yake, hakunisalimia zaidi ya inavyotakiwa. Sikumuuliza kitu. Nikaweka karatasi, nikapiga unga wa mkaa, nikashika brashi, nikaegemeza mkono kwenye fimbo ya kuutuliza na kuanza na pua ya okapi, inayotazama mbele.

Watu wakaja. Wale wa juzi na wengine. Mmoja akauliza kwa sauti huyu mwanamke anafanya nini kwenye kamyo ya watu, mwingine akacheka, wakazidi kusogea mpaka kivuli chao kikafika kwenye bati na sikuona tena alama zangu. Nikasimamisha brashi. Nilikuwa natafuta neno la kuwafukuza ndipo nikasikia kiti kikisukumwa nyuma yangu.

"Mutoke kwa mwangaza," Asumani akasema. "Peintre iko anatumika kazi."

Wakasogea. Mwanga ukarudi mlangoni. Sikugeuka kumtazama, kwa sababu mkono ulikuwa katikati ya mgongo wa mnyama.